Osiloskopu: Tazama Kumbukumbu Kabla ya Megahezi

Moduli ya GSM niliyoiunganisha kwenye mradi wangu ilikuwa ikizimika kila ilipojaribu kutafuta mtandao. Multimita ilisoma volti 4.0, imetulia tuli. Nilibadilisha moduli, nikabadilisha programu, nikalehemu upya kila kiungo nilichokitilia shaka. Nikawasha osiloskopu yangu ya analogi, ya megahezi 20, chombo kinachochora kwenye kioo jinsi volti zinavyobadilika kwa muda, nikaweka probu, yaani waya wake wa kupimia, kwenye pini za umeme za moduli: mstari mnyoofu, na mara mojamoja kitu kama kupepesa kwa kope. Nikaiweka triga, sehemu inayoamua mchoro uanze lini, isubiri volti zishuke. Mwanga ukapita kwenye kioo kama kimulimuli, ukazimika kabla sijajua nimeona nini. Wiki mbili zilipita hivyo.

Mwenzangu mmoja akaniazima osiloskopu ya dijitali. Niliweka triga kwenye volti 3.5, upande wa kushuka, nikabonyeza kitufe cha kunasa mara moja, nikawasha moduli. Picha ikaganda kwenye skrini: mashimo yaliyopangana kama meno ya chanuo, kila shimo na upana unaokaribia mikrosekunde 577, na kutoka shimo hadi shimo milisekunde 4.6. Aliyewahi kusoma habari za GSM atazitambua namba hizo. Simu ya mtandao huo hurusha mawimbi kwa vipande, kila kipande mikrosekunde 577 ndani ya fremu ya milisekunde 4.615, na wakati wa kurusha moduli inaweza kuvuta hadi ampia 2. Nyaya zangu nyembamba za bredibodi, ule ubao wa kuunganishia bila kulehemu, hazikuweza kupitisha mkondo huo bila kupoteza volti njiani. Omu 0.3 tu za ukinzani, mara ampia 2, ni volti 0.6 zilizopotea, na moduli ile haivumilii kushuka chini ya volti 3.4. Multimita hutoa wastani, kwa hiyo haikuwa na namna ya kuliona hilo. Nilikata nyaya fupi na nene, nikaweka kapasita ya mikrofaradi 1000 jirani kabisa na pini, na tatizo likaisha jioni ileile.

Tangu hapo nina msimamo mmoja kuhusu swali ambalo karibu kila anayeingia kwenye elektroniki huliuliza: ninunue osiloskopu ya analogi au ya dijitali? Wengi hulijibu kwa kulinganisha megahezi, yaani kasi ya mawimbi ambayo chombo kinaweza kuyaonyesha, bei na ukubwa wa skrini. Mimi naona jambo la kwanza la kutazama ni kumbukumbu, yaani uwezo wa kuhifadhi kilichopimwa. Analogi haina. Dijitali inayo, nyingi au kidogo, na hiyo nyingi au kidogo ndiyo inayoamua kama chombo kitakusaidia au kitakudanganya. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwa na umeme akilini, lakini volti zangu zilipotea hasa kwa namna hiyo.

Tuanze na chombo kikongwe, kwa sababu kinastahili heshima. Mwaka 1897 Karl Ferdinand Braun, mwanafizikia Mjerumani, alitengeneza tyubu ya katodi iliyoweza kuonyesha umeme unavyobadilika. Ndani ya osiloskopu ya analogi kazi bado ni ileile: elektroni hurushwa kwa mwale mwembamba kuelekea kioo kilichopakwa fosfori. Ishara unayoipima hukuzwa na kupelekwa kwenye mabamba yanayousukuma mwale juu na chini, huku saketi nyingine ikiuvuta kutoka kushoto kwenda kulia kwa mwendo unaojulikana. Hakuna kinachohesabiwa wala kukadiriwa. Mwale unakwenda unakosukumwa, fosfori inang'aa, jicho linaona. Mahali mwale unapopita mara nyingi panang'aa sana, unapopita mara chache panafifia, na fundi mzoefu husoma mng'ao huo kama anavyosoma umbo la wimbi lenyewe.

Lakini fosfori husahau. Sehemu ndogo ya sekunde na giza linarudi. Picha unayoiona imetulia kwenye kioo imetulia kwa sababu wimbi linajirudia na mwale unalichora upya mara maelfu, kila mara mahali palepale. Ndiyo maana sauti kutoka kwenye kikuza sauti huonekana vizuri, na mawimbi ya oskileta, na mtikisiko unaobaki kwenye pawa saplai baada ya daiodi. Mpe mwale jambo linalotokea mara moja tu, na atakuonyesha kimulimuli. Mpe jambo linalochukua sekunde nzima, na utaona nukta ikitambaa kioo kizima bila kuacha mstari nyuma yake. Zilikuwepo analogi zenye tyubu maalumu za kuhifadhi picha, na wakati wake zilikuwa msaada mkubwa, ila tyubu hizo huchakaa, na sitamshauri anayeanza akazitafute.

Hapa ndipo mjadala wa analogi na dijitali mara nyingi unapopotea njia, kwa kuwa watu hubishana kuhusu vyombo bila kuangalia kinachopimwa. Mpenzi wa elektroniki wa kizazi kilichopita alijenga redio, vikuza sauti, oskileta. Vitu hivyo hujirudia mchana kutwa. Analogi ilikuwa imeumbwa kwa ajili yake. Leo mezani kuna maikrokontrola, sensa, rilei, mota ndogo, rimoti. Rimoti ya infraredi inayotumia mpangilio wa NEC huanza na mlipuko wa milisekunde 9, ikanyamaza milisekunde 4.5, ikatoa biti 32, na ujumbe wote umekwisha kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde. Herufi moja inayotumwa kwa UART, njia ya kutuma data biti moja moja kwa waya mmoja, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde inachukua milisekunde 1 na kidogo, kila biti mikrosekunde 104, kisha kimya. Swichi unayoibonyeza hugusa na kuachia mara kadhaa ndani ya milisekunde chache kabla haijatulia, na kesho ukiibonyeza haitagusa vilevile. Rilei inapojivuta, volti hushuka mara moja. Kompyuta ndogo inapowashwa, mkondo wa mwanzo hupita mara moja.

Haya yote hutokea na kuondoka. Elektroniki ya kujifunzia nyumbani imehama kutoka kwenye vitu vinavyojirudia kwenda kwenye matukio, na chombo kisichokumbuka hakiwezi kukufuata huko.

Kuna jambo jingine ambalo kumbukumbu hulileta, na kwangu ni kubwa kuliko vipimo vyote vinavyoandikwa pembeni ya skrini. Osiloskopu ya dijitali huandika daima, hata kabla triga haijafyatuka. Triga inapofyatuka, chombo hakianzi kurekodi. Kinaamua tu wakati wa kuacha. Kwa hiyo unaweza kuona kilichotokea kabla ya tukio. Maikrokontrola imejizima: unarudi nyuma milisekunde 20 na kumkuta mkosaji, labda mota iliyoanza kuzunguka, labda taa iliyowaka. Analogi huanza kuchora baada ya triga. Zile bora zina waya wa kuchelewesha ishara ili angalau uone ukingo uliofyatua, na huo ni muda wa nanosekunde tu. Kilichotangulia kimekwenda.

Nikisema hivyo, nawasikia wapenzi wa analogi wakijibu kwamba dijitali hudanganya. Wana haki, na sipendi jinsi wauzaji wanavyolipita jambo hili kimyakimya.

Osiloskopu ya dijitali huchukua sampuli: kila baada ya muda fulani inapima volti, inaandika namba, inaendelea. Kati ya sampuli na sampuli imefumba macho. Ili wimbi litambulike, sampuli lazima ziwe zaidi ya mara mbili ya masafa yake, na kwa picha ya kuaminika bora ziwe mara tano au kumi. Zikipungua, chombo hakikosi cha kuonyesha. Kinaonyesha wimbi jingine, zuri, lililotulia, la uongo. Chukua osiloskopu yenye kumbukumbu ya sampuli 2,500, na zimekuwepo nyingi za namna hiyo, hata kutoka kampuni zenye sifa. Weka milisekunde 10 kwa kila mraba; skrini ya miraba 10 ni milisekunde 100. Sampuli 2,500 ndani ya milisekunde 100 ni sampuli 25,000 kwa sekunde, hata kama sanduku limeandikwa bilioni moja. Sasa mpe wimbi la kilohezi 26. Utaona wimbi safi la kilohezi 1, na chombo kitakuandikia pembeni masafa hayohayo bila haya yoyote.

Rudia hesabu hiyo kwa kumbukumbu ya sampuli milioni 10. Milisekunde 100 zilezile sasa zinapata sampuli milioni 100 kwa sekunde, na wimbi la kilohezi 26 linachorwa kwa sampuli karibu elfu nne kila mzunguko. Uongo umeondoka. Kilichouondoa ni kumbukumbu, si kasi iliyotangazwa kwenye sanduku. Hili ndilo linalonifanya nirudie jambo moja kama mtu mwenye deni: namba kubwa ya sampuli kwa sekunde ni ahadi inayotimizwa pale tu unapotazama muda mfupi sana. Ukitaka kutazama muda mrefu bila kupoteza undani, kumbukumbu ndiyo inayolipa.

Na hata mwenye kumbukumbu nyingi ana wajibu wa kujua mwongo hukamatwaje. Njia ya mwongo ni fupi: zungusha kitufe cha muda hatua moja au mbili kuelekea kasi zaidi. Wimbi la kweli litatanuka kwa kadiri ulivyozungusha na masafa yake yatabaki palepale. Wimbi la uongo litabadilika tabia, litakuwa jingine kabisa. Vilevile osiloskopu nyingi zina hali ya kunasa vilele, ambapo chombo hupima kwa kasi yake yote na kuhifadhi volti ya juu na ya chini ya kila kipande. Badala ya wimbi jembamba la uongo utaona mkanda mnene, na mkanda huo ni onyo. Anayejua mambo haya mawili ameshamaliza sehemu kubwa ya hoja dhidi ya dijitali.

Soma pia maandishi madogo kuhusu chaneli, yaani milango ya kuingizia ishara. Rigol DS1054Z, osiloskopu ya chaneli nne iliyopendwa sana na wapenzi wa elektroniki, huchukua sampuli bilioni 1 kwa sekunde ukitumia chaneli moja, milioni 500 ukitumia mbili, milioni 250 ukitumia tatu au nne. Kumbukumbu nayo hugawanywa. Hakuna udanganyifu hapo, imeandikwa wazi kwenye kitabu chake. Ila anayesoma sanduku pekee hatajua.

Kwa msingi huohuo nina hukumu ambayo huwashangaza baadhi ya watu. Kuna vifaa vidogo vya dijitali vya kujilehemia mwenyewe, kama DSO138: sampuli milioni 1 kwa sekunde, upana wa masafa kilohezi 200, kumbukumbu ya sampuli 1,024. Kukijenga kunafundisha kulehemu, na kama zawadi kwa kijana anayeanza kinafurahisha. Lakini kama chombo cha kazi, nikilazimishwa kuchagua kati yake na analogi ya zamani ya megahezi 20 iliyo nzima, nitachukua analogi bila kusita. Dijitali isiyo na kumbukumbu ya kutosha inabeba udhaifu wa pande zote mbili: haioni mambo ya kasi, na inapokosea haikwambii. Analogi ikishindwa, picha hufifia au wimbi hupungua kimo, na wewe unajua umefika mwisho wa uwezo wake. Chombo kinachoshindwa waziwazi ni bora kuliko kinachoshindwa kwa siri.

Kuhusu megahezi nisiseme mengi. Upana wa masafa unaoandikwa kwenye chombo ni pale ambapo wimbi huonyeshwa kwa asilimia 71 tu ya kimo chake halisi, kwa hiyo usitegemee kupima vizuri ukingoni. Gawanya 0.35 kwa upana huo na utapata ukingo wa kasi zaidi ambao chombo kinaweza kuuchora: megahezi 50 ni nanosekunde 7, megahezi 100 ni nanosekunde 3.5. Sauti inaishia kilohezi 20. I2C, mojawapo ya njia ambazo chipu hutumia kuzungumza, kwa kawaida ni kilohezi 100 au 400. SPI, njia nyingine ya namna hiyo, kwenye Arduino Uno ya kawaida ya biti 8 haizidi megahezi 8. Kwa kazi hizi megahezi 50 hadi 100 ni nyingi, na pesa inayozidi iende kwenye kumbukumbu au kwenye chaneli mbili za ziada. SPI yenyewe ina nyaya nne. Ukiwa na chaneli mbili utabaki unahamisha probu huku na huko na kukisia.

Je, analogi basi itupwe? Hapana, na hapa nazungumza kwa moyo wote. Yangu bado iko mezani. Kila kitufe chake kina kazi moja, na mkono unajua kilipo. Ukizungusha, picha inabadilika papo hapo bila menyu wala kusubiri. Mtu aliyejifunza triga kwenye analogi ameijua kweli, kwa kuwa bila kuielewa picha hukimbia kioo kizima na hakuna kitufe cha kumwokoa. Kwenye dijitali kipo kitufe cha kujiseti chenyewe, na nimeona wanafunzi wenye mwaka mzima wa mazoezi wasiojua triga ni nini kwa sababu kidole chao hakijawahi kutoka hapo. Ukinunua dijitali, mwezi wa kwanza usikiguse kitufe hicho.

Pia yapo mambo ambayo mwale huyafanya kwa uzuri ambao dijitali nyingi hazijaufikia. Weka chaneli moja mlalo na nyingine wima, pitisha mawimbi mawili, na maumbo ya Lissajous yatazunguka kwa ulaini wa hariri. Kelele ndogo juu ya sauti huonekana kama ukungu wenye kina, kwa kuwa mwale hauna ngazi. Dijitali ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kimo kizima cha skrini. Ukiwa kwenye volti 1 kwa mraba, miraba 8, kila ngazi ni karibu milivolti 31, na kilicho kidogo kuliko hapo kimezama. Zile mpya za biti 12 zina ngazi 4,096, na nadhani kwa mpenzi wa sauti hizo ndizo zitakazofunga mjadala. Kwa anayetengeneza vikuza sauti na redio za AM na hagusi kabisa maikrokontrola, analogi nzima bado ni uamuzi wa busara.

Neno zito hapo ni nzima. Analogi karibu zote unazoweza kupata sasa ni za mtumba, na miaka yake imehesabika. Kapasita za elektroliti hukauka. Zile za karatasi kwenye mlango wa umeme hupasuka na kujaza chumba moshi. Swichi za kuzungusha hushika kutu, na baadhi ya IC zilitengenezwa kwa modeli moja tu na hazipatikani tena. Tyubu ikichoka, habari imekwisha. Usinunue mbuzi kwenye gunia: iwashe, iache nusu saa ipate moto, kisha tazama kama mstari ni mwembamba na mkali hadi pembeni. Unganisha probu kwenye kituo chake cha wimbi la mraba, pitia kila hatua ya volti kwa chaneli zote mbili, na sikiliza kwa vidole. Picha inayorukaruka unapogusa swichi imekwambia ukweli. Wapo wanaonunua mbovu ili watengeneze, na ni raha ya pekee, ila wajue mawili. Ukarabati wa osiloskopu mara nyingi huhitaji osiloskopu nyingine. Na ndani ya tyubu kuna maelfu ya volti yanayoweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani, kwa hiyo asiyejua kuyaondoa asifungue mfuniko.

Hatari nyingine haichagui analogi wala dijitali. Kile kibano cha ethi cha probu, kwenye osiloskopu za mezani, kimeunganishwa moja kwa moja na ethi ya ukutani. Ukikibana kwenye upande wa umeme mkubwa wa pawa saplai ya swichi (switch-mode), umefunga njia fupi kupitia chombo chako. Wako wanaokata pini ya ethi ili kukwepa hilo, na matokeo yake mwili mzima wa osiloskopu unabaki na umeme wa ukutani ukisubiri mkono. Tumia transfoma ya kutenganisha kwa kifaa unachopima, au probu ya tofauti (differential), inayopima kati ya nukta mbili bila kutegemea ethi, au usipime upande huo hadi upate kimojawapo.

Chombo kikishafika, dijitali au analogi, anza na probu. Iweke kwenye mara 10, kwa sababu kwenye mara 1 nyingi hupoteza uwezo baada ya megahezi chache na huibebesha saketi mzigo wa karibu pikofaradi 100. Ibane kwenye kituo cha wimbi la mraba la kilohezi 1, chukua bisibisi ndogo, zungusha skrubu ya probu taratibu hadi mabega ya wimbi yawe sawa, yasipinde chini wala kuchomoza juu. Kisha, kama ni dijitali, toa probu hapo, iweke kwenye pawa saplai ndogo ya volti 5 unayoitumia kila siku, triga kwenye volti 1 upande wa kupanda, milisekunde 5 kwa mraba, kitufe cha kunasa mara moja. Iwashe saplai. Utaona volti zikipanda, pengine zikipita 5 kwa muda kabla hazijarudi, pengine zikisita katikati ya safari, na utajua kwa mara ya kwanza ni kitu gani umekuwa ukiilisha saketi yako kila unapoiwasha.